Shangazi, mwenzangu wa biashara anataka tugawane mtaji kwa sababu ya dini

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa miaka 38, mkazi wa Kirumba hapa Mwanza, na riziki yangu naipata katika soko la Mwaloni kwenye biashara ya dagaa. Kwa miaka tisa nimefanya biashara hiyo na mwenzangu ambaye ni Mwislamu. Mtaji wetu ni mmoja, tunapeana zamu za kwenda kisiwani Ukerewe kununua mzigo, na watoto wetu wamekua wakila sahani moja. Miaka miwili iliyopita niliokoka, na tangu hapo nimekuwa na mzigo mkubwa moyoni juu ya roho yake. Nimempa vipeperushi vya neno la Mungu, nimemwalika zaidi ya mara moja kwenye mkutano wa injili viwanja vya Furahisha, na mwanawe wa kiume alipolazwa kwa malaria nilikwenda na wapendwa wa kanisani tukamwekea mikono na kukemea. Siku hiyo nilimwambia mwenzangu kwamba akimpokea Yesu mtoto atainuka, kisha nikalipa sehemu ya gharama za dawa. Mtoto alipona. Mwezi uliopita, mwenzangu alipokwenda kisiwani, aliniachia binti yake wa miaka minane, nami Jumapili nikaenda naye kanisani pamoja na wanangu. Alirudi kwao akiimba nyimbo za shule ya Jumapili. Tangu siku hiyo mama yake hazungumzi nami ila habari za magunia na bei, na juzi amemtuma kaka yake mkubwa kuniambia kwamba anataka tugawane mtaji. Mchungaji wangu anasema nisirudi nyuma, kwa sababu nikinyamaza damu yake itadaiwa mkononi mwangu. Shangazi, nampenda huyu mwenzangu kama ndugu. Nitamheshimu vipi bila kumkana Bwana wangu?*

*Mama wa Kirumba*

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako kwa makini, na jambo la kwanza ninalotaka ulijue ni kwamba siitilii shaka nia yako. Mtu anayeamini kwamba amepata uzima, kisha akamwona ampendaye yuko nje ya uzima huo, hawezi kukaa ametulia, na kutotulia kwako kunatokana na upendo. Dini yako inakuagiza ushuhudie, na dini ya mwenzako nayo inawaagiza wafuasi wake kuwalingania watu, kwa hiyo sitakuomba uiache sehemu hiyo ya imani yako. Wala sitakuambia kwamba dini zote ni sawa, kwa kuwa wewe huamini hivyo, na nadhani mwenzako pia haamini hivyo. Mmekaa miaka yote hiyo mkitofautiana juu ya jambo kubwa kuliko yote, na bado biashara ilikwenda na watoto wakala pamoja. Tofauti yenyewe, basi, haikuwavunja.

Kilichowavunja, kwa jinsi ninavyoielewa barua yako, ni kwamba hatua kwa hatua ulimwondolea mwenzako nafasi ya kukataa. Mtu akielezwa habari za imani nyingine, akaweza kusema hapana na maisha yake yakaendelea kama yalivyokuwa, huyo ameheshimiwa hata kama hakupendezwa na alichoelezwa. Kipeperushi cha kwanza kilikuwa hivyo. Kama alikipokea kwa adabu asikuulize neno, ukimya wake ulikuwa jibu, ambalo ingetosha ulipokee kabla hujapeleka cha pili na cha tatu.

Kule hospitali mambo yalikuwa mazito zaidi. Mama ameketi kando ya kitanda cha mwanawe mwenye homa kali, wewe umesimama mbele yake na kundi la waumini, na mkononi unazo fedha za dawa ambazo yeye pengine hana. Katika hali hiyo ukamwambia kwamba akimpokea Yesu mtoto atainuka. Angejibu nini? Angekubali, angekuwa ameikana imani yake kwa hofu. Angekataa, angeonekana, hata machoni pake mwenyewe, kama mama aliyekataa uzima wa mwanawe. Huo haukuwa ushuhuda, mwanangu, lilikuwa sharti lililowekwa juu ya roho ya mtoto, na nasikitika kulisema kwa ukali huu kwa sababu naona hukukusudia hivyo. Hapo Mwanza mnayo Hospitali ya Bugando, ambayo ni ya Maaskofu Katoliki wakishirikiana na serikali. Waislamu, Wakristo wa madhehebu yote na watu wasio na dini hupanda kilima kile kutibiwa, na hakuna anayeambiwa abadili imani ndipo apewe dawa. Wanaoiendesha hawakumkana Kristo kwa kufanya hivyo.

Sasa nifike kwa binti wa miaka minane, maana naamini hapo ndipo mwenzako alipochoka. Alikuachia mtoto kwa kuwa alikuamini kuliko watu wote wa Mwaloni. Alijua kwako atakula, atalala salama, na pengine alijua hata kwamba hutampa chakula ambacho kwao hakiliwi. Hakufikiri kwamba palikuwa na haja ya kukuagiza kuhusu Jumapili. Najua utasema ulikuwa unakwenda kanisani na wanao, na usingeweza kumwacha mtoto peke yake nyumbani, na hilo ni kweli. Lakini kulikuwa na jirani, kulikuwa na bibi au shangazi zake, na kulikuwa na simu ambayo ungeweza kumwuliza mama yake. Hukuuliza, kwa sababu ulijua atakavyojibu, na ndani kabisa ulitumaini kitu kingeota katika moyo wa mtoto yule. Hebu fikiri umerudi kutoka Ukerewe ukamkuta mwanao wa umri huo amepelekwa madrasa na kufundishwa kutamka shahada. Usingehesabu kwamba ni jambo dogo, wala usingetulizwa na maneno kwamba mwenzako alifanya kwa upendo. Malezi ya imani ya mtoto ni ya wazazi wake wawili, na mtu mwingine haingii humo bila kupewa ruhusa, hata awe mpendwa kiasi gani.

Mchungaji wako amekutia hofu kwa maneno ya nabii Ezekieli, sura ya 33, juu ya mlinzi ambaye asipopiga tarumbeta damu ya watu itadaiwa mkononi mwake. Sipendi kushindana na mchungaji juu ya kundi lake, lakini nakuomba uisome sura hiyo mwenyewe kwa utulivu. Mlinzi anatakiwa apige tarumbeta, na akishaipiga, aliyesikia anabaki na uamuzi wake, naye mlinzi amejiokoa roho yake. Sioni mahali alipoagizwa kuingia majumbani na kuwatoa watu kwa mkono. Wewe ulishapiga. Mwenzako amesikia, tena aliyasikia mengi kabla yako, kwa maana mtu aliyekulia Mwanza amekua akisikia adhana na kengele za kanisa katika mtaa mmoja. Si mtu asiyejua, ni mtu aliyechagua. Na waraka wa kwanza wa Petro, sura ya 3, unawataka waumini wawe tayari kumjibu kila mtu awaulizaye habari za tumaini lao, na wafanye hivyo kwa upole. Mwenzako hajakuuliza bado.

Hapa niseme neno juu ya jambo ambalo halimo katika barua yako. Umenieleza uliyompa, ulikomwalika na uliyomwombea, lakini sijaona popote ulipomwuliza yeye anaamini nini, kwa nini anafunga, au anamwomba Mungu nini anapoacha gunia katikati ya kupima na kwenda kuswali. Katika miaka hii miwili umemwona kama roho inayopotea, na nahofia umeacha kumwona kama mtu mwenye ibada yake.

Chukua mfano wa kalenda ya kazi yenu, ambayo wewe unaijua kuliko mimi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwa kubwa mitumbwi hupumzika. Idi el-Fitri huja kwa kuandama mwezi, yaani daima huangukia kwenye giza, wakati mzigo unapofurika na fedha zinapopatikana, na Ramadhani yenyewe huanza katika giza vilevile. Pasaka yako huangukia Jumapili inayofuata mwezi mpevu, kwa hiyo mara nyingi unakwenda kanisani wakati kazi imelala. Maana yake ni kwamba mwaka hadi mwaka mwenzako analipia Idi yake hiyo kwa siku nzuri za soko, na wewe kwa Pasaka yako mara nyingi hulipii. Kama mtaendelea pamoja, mwambie kwamba siku za Idi utasimama wewe peke yako mezani na fungu lake la faida litakuwa kamili, na kwamba mwezi wa Ramadhani safari za kisiwani utazichukua wewe, ili asisafiri ziwani akiwa amefunga. Mwachie nafasi ya swala ya Ijumaa bila manung'uniko. Redio ya mahubiri uliyo nayo mezani, kama unayo, isikilize nyumbani. Hayo yote unaweza kuyafanya bila kupunguza hata chembe ya imani yako.

Katiba ya nchi yetu, katika ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa mawazo, imani na uchaguzi katika mambo ya dini, pamoja na uhuru wa kuibadilisha dini yake, na inasema kazi ya kutangaza dini ni huru na ni jambo la hiari ya mtu binafsi. Uhuru huo unakulinda wewe uliyeokoka ukubwani, na unamlinda yeye anayebaki alipo. Qurani anayoisoma nayo inasema, katika sura ya Al-Baqara aya ya 256, kwamba hapana kulazimisha katika dini. Nakutajia haya ili ujue kwamba hayo unayodaiwa na mwenzako, wewe pia unayo haki ya kuyadai kwake.

Basi uende ukaombe radhi. Kwa kuwa amemtuma kaka yake, adabu ni kumjibu kupitia huyo kaka kwanza, umwombe akufungulie mlango. Usiende na mchungaji wala wapendwa. Nenda na mama mmoja mtu mzima wa mtaani kwenu ambaye nyote wawili mnamheshimu. Usibebe zawadi, kwa maana kwa sasa kila utakachompa atakiona kama mtego. Usiseme "kama nimekukosea". Taja makosa yenyewe: kwamba ulimpeleka binti yake kanisani bila ruhusa, na kwamba ulitia sharti la imani penye ugonjwa wa mwanawe. Muombe radhi na baba wa watoto, maana naye ni mzazi aliyepitwa. Wakikuruhusu, mwambie yule binti mbele ya mama yake kwamba mambo ya dini atafundishwa na wazazi wake, na kwamba wewe ulikosea kumchukua, ili asibaki na fumbo moyoni la kuchagua kati ya mama na mama mdogo. Baada ya hapo nyamaza, uwaache waseme yaliyowaumiza.

Nakusihi pia usiisimulie habari hii kanisani kama ushuhuda wa mateso yako, na umwombe mchungaji asiitaje madhabahuni. Sisi watu wa Kanda ya Ziwa tunayo kumbukumbu mbaya ya mwaka 2013, pale ugomvi juu ya nani achinje nyama ulipofikia kumwaga damu Buseresere, mkoani Geita, na mtu akapoteza maisha. Yale yanayoweza kuzungumzwa na watu wanne juu ya mkeka hubadilika sana yakipewa kipaza sauti.

Kuhusu kumkana Bwana wako, sioni utakuwa umemkana wapi. Utamwombea mwenzako nyumbani kwako, mlango ukiwa umefungwa, na hakuna awezaye kukuzuia. Akikuuliza siku moja kwa nini uliacha maisha ya zamani, utamjibu yote kwa furaha, kisha utamsikiliza naye akikueleza yake. Ukiwa na sherehe utamwalika kama zamani, na utampa Mwislamu achinje, kama ilivyo desturi ya miaka mingi mitaani kwetu, ili ale bila wasiwasi.

Inawezekana radhi ataipokea na bado akataka mtaji ugawanywe. Ikiwa hivyo, usimbembeleze kupita kiasi. Hesabuni mbele ya kaka yake magunia yaliyopo, fedha iliyopo na madeni yaliyo kwa wateja wa mbali, mkubaliane nani atayafuatilia na yatagawanywaje yakilipwa, na muandikiane. Katika hesabu hiyo usiitaje kamwe fedha uliyolipa hospitali. Lakini yeye akiitaja na kutaka kukurudishia, ipokee yote, umshukuru, na usimwambie kwamba ilikuwa sadaka. Fedha ile ilitolewa siku moja na lile sharti, na akikulipa atakuwa amejitoa katika sharti lenyewe.