Msisubiri U: ya kujua mapema kwa wanaoanza Scrabble ya mashindano

Wadogo zangu, kila msimu zinakuja sura mpya klabuni, na kila msimu naikuta Q imekaliwa kwenye reki, kile kibao cha kushikia herufi zako, kama yai linalongoja kuanguliwa. Mwenyewe ukimuuliza baada ya mchezo, atakwambia alikuwa anasubiri U, kwa kuwa maneno mengi ya Kiingereza yenye Q huifuatisha U. Katika herufi zote 100 U ni nne tu, ilhali A ni tisa na I ni tisa. Nawapenda, ndiyo maana nimechoka kunyamaza.

1. Anzeni na familia ya Q isiyofuatwa na U. Maneno haya mengi yametoka kwenye Kiarabu, na sisi watu wa pwani tumelelewa nayo. QADI ni kadhi. WAQF ni wakfu. TALAQ ni talaka, QIBLA ni kibla, NIQAB ni nikabu, FAQIR ni fakiri. SUQ ndilo soko lenyewe, na QAT ni miraa. QANUN, ambayo U yake iko mbali na Q, ni kanuni ya taarabu, ile ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani. Mtoto wa Lamu au wa Malindi anayajua maneno haya kabla hajafungua kamusi yoyote ya Kiingereza. Kilichobaki ni kujua yanavyoandikwa.

Kuna binti mmoja wa klabuni kwetu, mwepesi wa akili kuliko wengi wetu, tuliyempeleka mashindano yake ya kwanza. Raundi ya mwisho nilikuwa nimeshamaliza mchezo wangu, nikasimama nyuma yake kwa mbali. Mfuko umeisha. Kwenye reki yake zimebaki Q, A, D, I, N na O. Ubaoni U zote nne zinaonekana, zote zimezibwa, na blanki zote mbili, vile vigae vitupu vinavyosimama badala ya herufi yoyote, zimeshatumika. Chini kulia kuna S imekaa peke yake, kabla yake nafasi tele. QADIS! Akili yangu yote ilikuwa inapiga kelele, lakini kanuni ni kanuni, mtazamaji hafungui mdomo. Akaangalia reki, akazichezesha herufi, A ikaenda mbele, D ikarudi nyuma, mara moja zikasimama kabisa Q, A, D, I kwa mpangilio huo huo. Nikashusha pumzi. Akazivuruga tena. Akacheza ON.

Mpinzani akaweka herufi zake za mwisho. Hapo bado binti alikuwa mbele kwa pointi 19. Lakini Q, A, D na I ni pointi 14, na anayemaliza kwanza huongezewa mara mbili ya kilichobaki kwa mwenzake, yaani 28. Akapoteza kwa tisa. Tulipotoka nje nikamuuliza anayefungisha ndoa kwao ni nani. Akajibu, “Kadhi.” Kisha akakaa chini kwenye ngazi na kulia. Mjomba wake ni kadhi.

Sijamsimulia ili achekwe. Leo hakuna anayemshinda kwenye Q. Nasimulia kwa sababu mwezi huu nimeona kijana mwingine akifanya jambo lile lile, na QAT anaitafuna kila Ijumaa.

2. Hesabuni herufi zilizotoka. Karatasi ya kufuatilia mnapewa, basi itumieni.

3. Jifunzeni na maana. Najua mtaniletea habari za Nigel Richards wa New Zealand, aliyetwaa ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa mwaka 2015 bila kuzungumza Kifaransa. Ni kweli, na hakuna mwingine kama yeye. Sisi wengine neno lisilo na maana halikai kichwani hata wiki. Ukishajua kwamba ZO ni chotara wa ng'ombe na yaki kule Himalaya, kwamba XU ni sarafu ndogo ya zamani ya Vietnam na QI ni nguvu ya uhai katika fikra za Wachina, hulisahau tena. Maana pia inakwambia kama neno linakubali S. FELTY ni sifa, kitu chenye umbile la felti, kwa hiyo usilitie S ukategemea kwamba mwenzio hatachalenji, yaani hatalipinga.

4. Neno fupi si aibu. FELTY hiyo ilichezwa na Wellington Jighere wa Nigeria katika fainali ya dunia ya Scrabble ya Kiingereza mwaka huo huo wa 2015 mjini Perth, Australia, akawa Mwafrika wa kwanza kuwa bingwa wa dunia. Wanigeria wanajua wakati wa kuacha bingo, yaani kuweka herufi zote saba kwa mkupuo, ili wabaki na reki nzuri. Nanyi anzeni na maneno ya herufi mbili, yako 127 kwenye orodha ya Collins, ile ya maneno yanayokubalika. Q ikitua kwenye kisanduku cha kuzidisha herufi mara tatu, I moja kulia na nyingine chini, QI mbili hizo ni pointi 62. Kuna mabingo yasiyofika hapo.

5. UGALI, MATATU, UHURU, KANZU, KANGA, PANGA na MZEE yote yamo kwenye orodha hiyo. Yanakubali S pia, UGALIS ni halali, acheni kusita. Ila si kila neno la nyumbani limeingia. Lisilokuwemo ni kosa hata kama bibi yako analitumia kila siku.

6. Saa ya kila mchezaji ni dakika 25 kwa mchezo mzima. Kila dakika ya ziada inakula pointi kumi.

7. Mabingo yafungeni mafungu kwa herufi, si kwa alfabeti. Chukueni RETINA, ngozi laini ya ndani ya jicho inayopokea mwanga. Ongezeni S: mnapata NASTIER, RETAINS, STAINER, RETSINA ambayo ni mvinyo wa Ugiriki wenye ladha ya utomvu wa msonobari, na STEARIN, mafuta magumu ya kutengenezea mishumaa. Herufi ni zile zile saba. Jumamosi nitazimwaga mezani kabla ya raundi ya kwanza, na nitataka kila mmoja anitolee angalau tatu, pamoja na maana zake.