MVRP ya Linux inatangaza, haisajili

Mkuu, umeuliza kwa nini bridji yako ya Linux (swichi ya programu ndani ya kompyuta) haijiongezei VLAN 20 (mtandao pepe namba 20) ilhali swichi imewashwa MVRP, itifaki ya vifaa kutangaziana VLAN. Swichi haina kosa. MVRP iliyo ndani ya kerneli (kiini cha Linux) ni ya upande mmoja: inatangaza tu, inachosikia haikisajili. Ukiandika

ip link add link eth0 name eth0.20 type vlan id 20 mvrp on

kisha ukaiinua (ip link set eth0.20 up), swichi itapokea tangazo na kuingiza VLAN 20 kwenye poti ile yenyewe. Kinyume chake hakuna. Kwenye bridji unaongeza kwa mkono, vlan_filtering (uchujaji wa VLAN wa bridji) ikiwa 1:

bridge vlan add dev eth1 vid 20

Angalia pia swichi isiwe inatumia GVRP, itifaki kongwe iliyorithiwa na MVRP kupitia kiwango cha IEEE 802.1ak cha 2007. Zote mbili hutuma kwa anwani ya MAC 01:80:C2:00:00:21 lakini hazielewani, ndiyo maana tcpdump (programu ya kunasa pakiti) huwachanganya watu. Chuja kwa ether proto 0x88f5 uione MVRP peke yake.

Kwenye poti za watumiaji mimi naizima MVRP kabisa. Mtu akichomeka laptopu na kutangaza VLAN ya seva, swichi inamkubalia bila maswali.