Usiikate hiyo video ya taa za ziwani

Mkuu, usiikate wala usiing'arishe. Umesema ulikuwa Capri Point, Mwanza, umerekodi taa tatu za rangi ya chungwa zimekaa pembetatu juu ya Ziwa Victoria upande wa Ukerewe, unataka kuivuta karibu kabla ya kuirusha, na unauliza kwa nini CIA, shirika la ujasusi la Marekani, wanahangaika na mambo haya ya vitu visivyojulikana angani. Hapo kwenye kuvuta ndipo nilipoiua yangu, na hasira sijamaliza na yule mwalimu wa mtandaoni aliyetuambia "vuta, ng'arisha, kata mwanzo na mwisho". Alitufundisha kufuta ushahidi kwa mikono yetu!

Ukivuta taa ya mbali usiku, simu hupoteza fokasi, na kidoa cha mwanga huvimba kikachukua umbo la tundu la lenzi. Hilo ni umbo la kamera, siyo la kitu. Hata wanajeshi yamewakuta. Tarehe 17 Mei 2022, Scott Bray wa upelelezi wa jeshi la majini la Marekani aliwaeleza wabunge wao kwamba pembetatu zilizorekodiwa zikimetameta angani zilitokana na mwanga kupita kwenye miwani ya kuonea gizani na kuingia kwenye kamera. Vitu vyenyewe waliona ni droni. Droni karibu na meli za kivita ndiyo habari ya usalama wa taifa.

Kukata nako kunaondoa zile sekunde za mwanzo ambazo paa au mnara ulionekana chini ya taa, na bila hicho huwezi kupima chochote. Ukiituma WhatsApp kama video inabanwa na taarifa zake zinapotea. Tuma kama nyaraka, na faili asili libaki kwenye simu.

Kinachotakiwa ni saa, upande na kimo. Andika saa kama simu inavyoonyesha, 20:14, usiigeuze kuwa saa mbili usiku. Ukija kulinganisha na ratiba ya ndege utakosea saa sita nzima. Kimo pima kwa ngumi: mkono ukiunyoosha, ngumi moja ni kama digrii 10. Kitu kikishuka magharibi ngumi moja kwa dakika 40, hiyo ni nyota au Zuhura.

Saa ndiyo iliyowafungua macho Wamarekani wenyewe. U-2, ndege ya siri ya upelelezi ya CIA, ilianza kuruka 1955, zaidi ya futi 60,000, wakati ndege za abiria zilikuwa kati ya 10,000 na 20,000. Jioni marubani wa chini wakiwa gizani, yenyewe bado inapigwa jua, wakaripoti moto angani. Wachunguzi wa Blue Book, mradi wa jeshi la anga la Marekani wa kuchunguza ripoti hizo, walikuwa wanalinganisha ripoti na kumbukumbu za safari za U-2, na jibu hawakuruhusiwa kulitoa. Ripoti isiyo na saa ingelinganishwa na nini?

Kwa ziwa letu anza na wavuvi wa dagaa, wanaovua kwa taa. Usiku hewa ikipoa juu ya maji yenye joto, mwanga hupinda na taa za mbali huonekana zimeachana na maji, zinaelea. Na wavuvi hao huingia ziwani usiku wa giza, usio na mwezi. Sasa niambie: ulianza kurekodi saa ngapi hasa, paa gani lilikuwa chini ya taa ya kushoto, na mwezi ulikuwepo?