Bogenvilia haitaki huruma yako

Nimeua bogenvilia tatu kabla sijajua kuiotesha. Tatu! Na zote zimekufa kwa maji wala sio kwa jua, maana nilikua nikirudi jioni nakuta kumewaka, joto la Tanga mnalijua, basi nachukua ndoo namwagilia, asubuhi tena, nikajiona mtu wa huruma kweli. Ya kwanza majani yakawa ya njano yakaanza kudondoka, nikasema hii ina kiu, nikaongeza maji. Nilivyoing'oa mizizi imekuwa myeusi, ukiibonyeza inateleza, na inanuka kama mtaro.

Aliyenifungua macho ni bibi mmoja wa Raskazone, hapa hapa Tanga, bogenvilia imefunika ukuta wake wote zambarau, hauoni hata tofali. Nikampa shikamoo, nikamuuliza bibi unaiwekea mbolea gani? Akacheka. "Mbolea ya nini mwanangu? Mie hata maji sijaipa tangu masika yaishe."

Kumbe ndo ilivyo. Mmea huu kwao Amerika ya Kusini, Brazil, Peru mpaka Argentina, na jina ni la yule Mfaransa Bougainville aliyezunguka dunia kwa meli, mtaalamu wake wa mimea, Commerson, aliikuta Rio de Janeiro mwaka 1767. Ikishashika mizizi, ukame kidogo ndo unaisukuma itoe maua. Ukiibembeleza kwa maji na mbolea ya urea inarefusha matawi na kujaza majani tu, unabaki unashangaa.

Sasa kuitambua. Chuma kishada kimoja ukiangalie karibu. Yale mekundu au zambarau unayoyaita maua ni majani tu yaliyovaa rangi, membamba kama karatasi, yako matatu matatu, na kila moja limebeba kimrija chembamba katikati, juu kimefunguka kama kinyota cheupe. Hicho kinyota ndo ua lenyewe! Niliwaonyesha watoto nyumbani wakabisha mpaka nikakipasua kwa ukucha.

Halafu zipo aina. Ile ya majani laini yanayong'aa na miba mifupi ni glabra, mara nyingi ndo hiyo ya zambarau. Ukipapasa jani ukasikia vinyweleo, na miba ni mikubwa imejikunja kama ndoana, hiyo spectabilis. Ila nyingi mtaani ni mchanganyiko kwa hiyo usigombane na mtu.

Kuotesha, mi nakata kijiti unene wa penseli, kilichoanza kukomaa, sio kile kibichi cha nchani, urefu kama sentimita 20 hivi, natoa majani yote au nabakiza mawili, nachomeka kwenye kiriba chenye mchanga na udongo na samadi ya mbuzi iliyooza kidogo tu, nakiweka kivulini. Hapo mwanzo unyevunyevu unahitajika, kisikauke kabisa. Na acha kuchomoa kuangalia kama kimeota!! Subiri miezi miwili, hata zaidi. Siku ya kuhamisha chana kiriba taratibu udongo usibomoke, mizizi yake ni dhaifu mno, ya tatu niliimalizia hivo hivo, maji yangu yalikua yameshaiua nusu.

Shimo liwe sehemu ya jua kali, masaa sita au zaidi, na maji yasituame. Mi nahamishia mwanzoni mwa vuli, mvua inanisaidia kumwagilia, baadae naiacha. Nikiona majani yamelegea mchana mpaka jioni hayajainuka ndo napeleka ndoo moja, ila iwe imeshiba. Maua yakipukutika pogoa, maana yanatoka kwenye matawi mapya, na vaa glavu, mwiba wake ukiingia kidoleni utalala unapwita.

Kingine, kijiti hakina rangi. Niliwahi kuuziwa "ya njano" kwa bei ya kuniumiza, nikangoja karibu mwaka, ikatoka pinki. Siku hizi nasubiri mti wa mtu uchanue, nabisha hodi, naomba, nafunga uzi kwenye tawi nilitakalo, nakuja kukata maua yakiisha.

Ya nne ipo hai, imeshapanda kwenye bati la jiko. Nina zambarau na nyeupe. Kama uko Chumbageni au Makorora na una ile ya rangi ya chungwa niambie tubadilishane vijiti, ila nitaiona kwanza ikiwa na maua yake.