Maswali ya Wasomaji: Mkakati wa ubunifu wa mkoa unamfaa nini mkulima mdogo wa Dodoma?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninalima ekari 2 za zabibu na ekari 3 za mtama wilayani Chamwino. Katika kikao cha wadau tulielezwa kwamba mkoa unahitaji mkakati wa ubunifu, na kwamba kilimo cha usahihi ndicho kitakachotufikisha kwenye kilimo endelevu. Sina trekta, sembuse droni. Je, mambo haya yananihusu?
Mkulima, Chamwino

JIBU: Yanakuhusu, ndugu yetu, ila kwa sharti kwamba mkakati huo uanzie shambani kwako na si kwenye orodha ya vifaa vya kununua.

Mikakati ya aina hii ilipata nguvu Ulaya, ambako katika kipindi cha bajeti cha 2014 hadi 2020 Umoja wa Ulaya ulizitaka nchi na mikoa kuwa nayo kabla ya kupewa fedha za maendeleo ya mikoa kwa ajili ya utafiti na ubunifu. Kila eneo lilitakiwa kuchagua mambo machache ambayo tayari lilikuwa na uwezo nayo, na kuyachagua kwa kukaa meza moja na wazalishaji, wenye viwanda, watafiti na serikali. Dodoma ina zabibu inayovunwa mara 2 kwa mwaka, ina mtama, uwele na alizeti vinavyostahimili ukame, na ina watafiti wa TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) walioko Makutupora na Hombolo pamoja na Chuo Kikuu cha Dodoma. Hapo ndipo pa kuanzia, na kwa maoni yetu mkakati unaotaja kila zao na kila teknolojia haujachagua kitu.

Kilimo cha usahihi nacho msingi wake ni kukubali kwamba shamba moja halina hali moja: upande huu udongo hushika maji, upande ule hukauka mapema, na kuupa kila upande mbolea na maji kwa kipimo kilekile ni kupoteza. Setilaiti za Sentinel-2 za Ulaya hupiga picha ambazo mtu yeyote anaweza kuzipata bila malipo, takriban kila baada ya siku 5, na kila nukta ya picha hufunika mita 10 kwa 10, kwa hiyo ekari 1 hupata nukta zipatazo 40. Hata hivyo, mtama hukua wakati wa mvua, ambapo mawingu huziba picha nyingi. Zabibu ya kiangazi huonekana vizuri zaidi, ingawa nukta moja huchanganya mizabibu na udongo mtupu ulio kati ya mistari, hivyo lazima mtu afike shambani kuhakikisha. Hakuna mkulima wa ekari 2 anayeweza kubeba kazi hiyo peke yake. Chama cha ushirika kinaweza kumlipa kijana mmoja aliyesomea kazi hiyo akawahudumia wanachama wote, na upimaji wa udongo ukafanywa kwa pamoja. Huo ndio ubunifu ambao mkoa unapaswa kuugharimia kwanza. Kwa mtama wako, mashimo ya Chololo yaliyobuniwa hapahapa Dodoma, yanayokusanya maji ya mvua na kuweka samadi penye mmea tu, ni usahihi usiohitaji umeme.

Wilaya ya Kongwa, hapahapa mkoani, inatufundisha kwa uchungu umuhimu wa kuanzia shambani na si kwenye vifaa. Mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 uliingiza mashine nyingi kabla ya kuuelewa vya kutosha udongo, ambao hukakamaa kiangazi, na mvua isiyotabirika. Kufikia 1951 ulikuwa umeachwa.

Kuhusu uendelevu, tunakusihi uangalie maji kabla ya yote. Umwagiliaji wa matone huokoa maji katika kila mzabibu, lakini mkulima akitumia maji aliyookoa kuongeza ekari nyingine, kisima kinaendelea kushuka kama zamani. Bonde la Makutupora ndilo chanzo kikuu cha maji ya Jiji la Dodoma, ambalo sensa ya 2022 ililihesabu kuwa na watu zaidi ya 760,000, kwa hiyo mkakati wa kilimo usiokwenda sambamba na vibali vya bodi ya maji ya bonde hautadumu. Kikao kijacho kikiitishwa, ulizeni kina cha visima kitapimwa na nani, na matokeo yatabandikwa wapi.

SWALI: Vijana waliopima shamba langu walichukua namba yangu ya simu na mipaka ya shamba. Taarifa hizo ni za nani?
Msomaji, Bahi

JIBU: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inamtaka anayekusanya taarifa zako akueleze anazikusanya kwa kusudi gani, na inakupa haki ya kuziona na kuomba zirekebishwe. Waombeni wawape maelezo hayo kwa maandishi, na chama chenu kibaki na nakala ya vipimo vya udongo, kwa kuwa msimu ujao mtavihitaji ninyi, hata kama mradi umekwisha.