Jukwaa la bajeti ya kaunti: kura au ushauri?

Umeuliza kama jukwaa la bajeti na uchumi hapa Kisumu linaweza kupiga kura kukataa mpango wa gavana. Haliwezi. Kifungu cha 137 cha Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 kinalipa kazi ya mashauriano tu. Wa kuidhinisha bajeti ni bunge la kaunti. Gavana ndiye mwenyekiti, na wajumbe wasio watumishi wa kaunti huwa sawa kwa idadi na mawaziri wake.

Kwa hiyo nguvu yenu, wajumbe msio wa serikali, iko kwenye kumbukumbu za mkutano, si kwenye mikono iliyoinuliwa. Kila pingamizi liandikwe na ukurasa wa rasimu, kiasi cha pesa na pendekezo mbadala. "Wajumbe walitoa maoni" ni sentensi msiyopaswa kuikubali kabisa! Someni kumbukumbu kabla hazijatiwa sahihi.

Akidi iwekeni kwenye kanuni zenu za ndani: angalau nusu ya wajumbe wasio wa serikali wawepo, la sivyo mawaziri watajaza viti na mtaambiwa mlishauriwa.

Nyaraka zifike siku 7 kabla. Zikigawiwa mlangoni, ombeni kuahirisha, na ombi hilo liandikwe. Ila msiahirishe ovyo: mkakati wa fedha, yaani hati inayotangulia bajeti na kuweka vipaumbele vya matumizi, lazima ufike kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 28 Februari, basi kaeni mapema Januari, rasimu ikiwa bado inarekebishika.