Sanduku la Wasomaji: Forest Whitaker na sauti zake

Toleo lililopita tuliuliza ni mwigizaji gani wa nje mnayempenda na kwa nini. Jina la Forest Whitaker limejirudia mno katika barua zenu, kwa hiyo safari hii sanduku zima ni lake.

Mimi nimemwona Whitaker kwenye kibanda cha video tu, filamu ikiwa imetafsiriwa na VJ, yule anayesimulia kwa lugha yetu juu ya filamu. Rafiki yangu anashikilia kwamba bado sijamwona. Ana haki? – Msomaji, Katwe

Anayo. VJ akianza kusema, sauti ya filamu yenyewe hushushwa, na hupandishwa tena pale tu anaponyamaza. Filamu ya mapigano haidhuriki kwa hilo, na VJ hodari huiongezea utamu. Lakini Whitaker huigiza kwa koo kabla ya uso, kwa hiyo ukimfunika sauti umeondoa nusu ya kazi yake.

Jaribu hivi. Chukua The Last King of Scotland ya 2006, ambamo Whitaker ni Idi Amin, dikteta wa Uganda. Iwe isiyotafsiriwa, uende moja kwa moja pale Amin anapokutana barabarani na daktari kijana, Garrigan. Gari limegonga ng'ombe, Amin ameumia mkono, ng'ombe analia bila kukoma. Daktari anashika bastola ya Amin mwenyewe na kummaliza mnyama. Tazama mara moja kwa macho, kisha rudia ukiwa umefumba. Utasikia hatari ikipita kwenye sauti ile, kisha daktari anaposema kuwa yeye ni Mskoti, si Mwingereza, hatari inageuka furaha ya mtoto, mpaka wanabadilishana mashati. Hayo yote ni muda mfupi tu, na hakuna mahali unapoona mshono. Lafudhi ikikusumbua, washa maandishi ya chini. Ukishaisikia hivyo, rudi kwa VJ wako kwa raha zako.

Sisi wa Bombo tunakijua Kiswahili cha jeshini. Whitaker alijifunza lugha au alikariri mistari tu? – Wasomaji wawili, Bombo

Alijifunza. Kabla ya kupiga picha hapa Uganda alisoma Kiswahili, akajifunza kupiga akodioni, akazungumza na watu waliomjua Amin, wakiwemo ndugu zake. Pia ipo filamu ya hali halisi ya Barbet Schroeder ya 1974 inayomwonyesha Amin mwenyewe akiongea, akicheka na kupiga akodioni. Anayetaka kupima kazi ya Whitaker aanzie hapo.

Kiswahili kilikuwa na maana kubwa kuliko mistari michache inayosikika kwenye filamu. Amin aliingia King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, mwaka 1946, na lugha ya amri humo ilikuwa Kiswahili. Kiingereza chake kilipita juu ya lugha hiyo, silabi zikatoka moja moja, kila irabu ikipewa nafasi yake. Mwigizaji aliyekariri sauti bila lugha hujulikana haraka, kwa sababu hukata pumzi katikati ya fungu la maneno, mahali ambapo mwenye lugha hawezi kukata. Whitaker hakati hapo. Kwetu sisi, hiyo ndiyo sehemu ya kazi yake inayostahili heshima kuliko zote, na wenye masikio ya Bombo ndio wanaoweza kuithibitisha.

Yaliyomo kwenye filamu ile ni ya kweli kiasi gani? – Msomaji, Arua

Mapinduzi ya tarehe 25 Januari 1971, kufukuzwa kwa Waasia 1972 na ndege iliyotekwa Entebbe 1976 ni historia. Daktari Garrigan hakuwahi kuishi. Alitoka kwenye riwaya ya Giles Foden ya 1998, na mapenzi yake na Kay, mke wa Amin, ni ya kubuni pia. Miaka imebanwa ili hadithi ikimbie. Msiitumie kujibu mtihani wa historia. Na mnapoitazama, wasalimuni waigizaji wa nyumbani: Abby Mukiibi, Stephen Rwangyezi wa kikundi cha ngoma cha Ndere na Cleopatra Koheirwe wote wamo.

Klabu yetu ya maigizo shuleni inataka kumwigiza mtu halisi aliyewahi kuishi. Tufuate njia ya Whitaker vipi? – Klabu ya shule, Jinja

Vizuri sana kuuliza kabla ya kushona mavazi, maana wengi huanzia huko na kuharibikiwa.

Tafuteni rekodi ya sauti ya mtu huyo, dakika mbili zinatosha. Msikilizeni mara kumi bila kumwiga. Kisha andikeni maneno yake yote na mweke mstari mdogo kila anapovuta pumzi. Mistari hiyo ni ramani ya hasira na woga wake, kwa sababu mtu anayeogopa hupumua mahali tofauti na anayejiamini. Someni kwa kufuata pumzi hizo kwa siku tatu kabla ya kugusa lafudhi.

Mwili unafuata. Kama mhusika ni mnene, mto wa tumboni peke yake huleta mwendo wa mlevi, kwa kuwa tumbo limekua na magoti hayajapata habari. Mwigizaji afanye mazoezi akiwa amefungwa kiunoni mfuko wa mchanga wa kilo tatu hivi, apande ngazi, aketi, ainuke. Baada ya wiki miguu hujipanua yenyewe. Siku ya onyesho mchanga unaondolewa, mto unawekwa, na mwendo unabaki.

Kosa kubwa ni kuchagua tabia moja, tuseme ukali, na kuikaza mwanzo hadi mwisho. Hapo ukumbi utacheka, kwa sababu uigaji wa namna hiyo ni katuni. Angalieni usiku ule ambao Amin wa Whitaker anaamini amelishwa sumu, kumbe ni gesi tumboni. Dikteta analia kwa hofu kitandani. Kila mhusika mpeni angalau tukio moja ambalo anaogopa na moja ambalo anapendeza, hata kama ni muovu. Whitaker alipata tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora wa kiume mwaka 2007, Mweusi wa nne kuipata, na woga ule ulimjengea tuzo hiyo sawa na makelele.

Tunataka kuonyesha filamu zake kwa watu kama 40 uani. Tahadhari gani? – Kikundi cha vijana, Mbarara

Anzeni na haki: kuonyesha filamu hadharani kunahitaji ruhusa ya mwenye nayo, kwa mujibu wa sheria ya hakimiliki ya 2006.

Projekta iwe na mwanga wa lumeni 3,000 au zaidi, na msianze kabla ya saa moja na nusu usiku, giza likiwa limekamilika. Shuka moja huvujisha mwanga. Kunjeni mbili, au tumieni ukuta uliopakwa rangi nyeupe. Kwa picha ya upana wa mita 2.5, projekta nyingi za kawaida hukaa kama mita 4 nyuma. Spika ya ndani ya projekta haifai kabisa kwa Whitaker, ambaye hunong'ona sana. Wekeni spika mbili kando ya picha, usawa wa masikio ya waliokaa. Zikinguruma, chomoeni chaja ya kompyuta, mara nyingi ndiyo mkosaji.

Jenereta ya kVA 1 inabeba vyote hivyo, lakini iwe mita 20 mbali, nyuma ya ukuta. Umeme ukikatika ghafla, msiiwashe projekta ya taa mara moja. Iacheni ipoe dakika tano, la sivyo taa huungua. Watoto wasiwepo kwenye ile ya Amin.

Si swali, ni shukrani: Ghost Dog ya 1999 ilinifundisha kwamba mtu aweza kujaza filamu nzima karibu kimya. Nitazame ipi baada yake? – Msomaji, Mbale

Bird ya 1988, bila kusita. Anamwigiza mpiga saksofoni Charlie Parker, na ndiyo iliyompa tuzo ya mwigizaji bora kwenye tamasha la filamu la Cannes. Saksofoni unayoisikia ni ya Parker mwenyewe, kutoka rekodi zake za zamani. Inazidi saa mbili na nusu, kwa hiyo itengee jioni nzima. Kisha The Butler ya 2013, ambapo mgongo wake unazeeka polepole mbele ya macho yako. Uhusika wake wa Zuri kwenye Black Panther ni mzuri lakini mfupi.

Ni kweli ana shirika hapa? Kuna mtu mtandaoni anayejiita yeye, ananiandikia. – Msomaji, Kiryandongo

Ni kweli. Shirika lake la amani na maendeleo lilianzishwa 2012, na linafanya kazi na vijana hata kwenye makazi ya wakimbizi huko kwenu. Kwa masomo au mafunzo nenda ofisini kwao ana kwa ana. Huyo wa mtandaoni, akikuomba ada ya usajili, picha ya kitambulisho au pesa kwa simu, si Whitaker. Usimjibu, mfungie, na uwaonyeshe ofisini jumbe zake kabla hujazifuta.